Lori Likifeli Kipimo cha Moshi, Anza na Hewa Kabla ya Pampu

Nina malori matatu, na yote yanalala Mbalizi, nje kidogo ya jiji la Mbeya. Mawili ni semi zinazopeleka mbolea Zambia na kurudi na shaba ya Copperbelt hadi bandarini Dar es Salaam, na la tatu ni lori la zamani la tani kumi, lisilo na tabo (feni inayoisukumia injini hewa zaidi), ambalo msimu wa viazi linashinda kati ya Uporoto na Makambako. Kwa miaka mingi suala la moshi halikuninyima usingizi. Kodi ya kaboni tunayolipa tukivuka Tunduma kuingia Nakonde huhesabiwa kwa ukubwa wa injini, si kwa kinachotoka kwenye bomba, na askari wa barabarani waliowahi kusimamisha magari yangu kwa sababu ya moshi walitumia macho yao tu. Mambo yalibadilika pale mteja mmoja wa shaba alipoweka sharti kwamba lori lisilo na cheti cha kipimo cha moshi halitaingia kwenye uwanja wake wa kupakia. Nilipeleka semi ya kwanza nikiwa na uhakika wa kupita, ikarudi na karatasi iliyoandikwa 4.1, wakati kikomo chake kilikuwa 3.0.

Naandika haya kwa ajili ya mwenye gari ambaye karatasi ya namna hiyo iko mkononi mwake sasa, kabla hajampigia simu fundi wa pampu ya dizeli. Mimi nilianza na fundi wa pampu, na nikalipa.

Kwanza namba yenyewe. Mashine ya kupimia moshi wa dizeli haichambui gesi. Inapitisha mwanga katikati ya moshi na kuangalia ni kiasi gani cha mwanga kimezuiwa. Matokeo huandikwa ama kwa asilimia, ama kwa kizio cha k, ambacho sifuri yake ni hewa safi. Kanuni za ukaguzi za Umoja wa Ulaya, ambazo ndizo mteja wangu alizozifuata, zinaruhusu 2.5 kwa injini isiyo na tabo, 3.0 kwa injini yenye tabo, 1.5 kwa magari ya Euro 4 na Euro 5 (madaraja ya Ulaya ya usafi wa moshi), na 0.7 kwa Euro 6. Kwenye mashine ambayo mwanga wake unapita katika sentimita 43 za moshi, 3.0 ni sawa na kuzuia takribani 72% ya mwanga, na ile 4.1 yangu ilikuwa karibu 83%. Yaani gari langu lilikuwa linatoa kiza. Ukipewa majibu kwa asilimia, uliza mwanga umepita katika moshi wa urefu gani, kwa sababu moshi uleule ukipimwa katika mkondo mrefu zaidi utaonekana mzito zaidi.

Kipimo chenyewe hufanyika gari likiwa limesimama. Gia inawekwa huru, kifyonzeo kinaingizwa kwenye bomba la moshi, kisha dereva anakanyaga mafuta hadi mwisho kwa haraka, chini ya sekunde moja, bila kupiga pedali kwa ghadhabu, anashikilia mpaka injini ifike kasi ambayo gavana, yaani kidhibiti kasi cha injini, inaikata, halafu anaachia. Hurudiwa mara kadhaa, na wastani wa mara tatu ndio unaoandikwa. Uzito pekee ambao injini inausukuma hapo ni wa viungo vyake yenyewe, na jambo hilo ndilo linalofanya kipimo kiwe kikali kwa upande wa hewa: dizeli inafika kwenye silinda papo hapo, lakini tabo inachelewa kushika kasi, na katika ule upenyo mfupi mafuta yanakuwa mengi kuliko hewa ya kuyaunguza. Yasiyoungua vizuri hutoka yakiwa masizi. Moshi mweusi, kwa sehemu kubwa, ni mafuta yaliyokosa hewa. Mweupe na wa bluu ni habari nyingine: mweupe ni ubaridi, nozeli (kipulizia dizeli kwenye silinda) inayotiririsha au maji, na wa bluu ni oili.

Hayo sikuyajua. Gereji niliyoipelekea gari mjini ilisoma ile 4.1 na kunieleza, kwa sauti ya mtu asiyehitaji kuangalia, kwamba pampu imechoka na nozeli zote sita zinavuja. Nililipa milioni mbili na laki nne. Gari lilikaa siku tisa, nikapoteza safari moja ya shaba, na lilipopimwa tena likatoa 3.8. Sisemi kwamba kazi ile ilikuwa ya uongo, kwa sababu nozeli mbili kweli zilikuwa mbovu. Nasema kwamba walianza mahali pa gharama kubwa kabla ya kuangalia mahali pa gharama ndogo.

Jirani yangu mmoja akanielekeza kwa mzee fulani ambaye gereji yake ni mwembe, kontena moja na kompresa. Hakufungua kitu kwa karibu nusu saa. Alitembeza kiganja chini ya hozi inayotoka kwenye tabo kwenda kwenye intakula, kipoza hewa ya tabo, akasimama mahali, akanionyesha kidole: palikuwa na doa la oili lililoshika vumbi, pana kama sarafu, pembeni kabisa ya klipu. Akatoa kifuniko alichokichonga mwenyewe kwa mbao ngumu, chenye valvu ya tairi katikati, akakibana kwenye mdomo wa kuingilia hewa wa tabo, akajaza upepo taratibu hadi kipimo kikasoma baa moja, kisha akampa kijana wake brashi na kopo la maji ya sabuni. Povu lilianza kuchemka palepale penye doa. Hozi ilikuwa imepasuka kwa ndani, ufa ambao ukiikunja kwa mkono huuoni, lakini ukiijaza upepo unafunguka kama mdomo.

"Mama," akaniambia, "hii injini haina ugonjwa. Inakosa pumzi."

Baada ya hozi alikwenda kwenye filta ya hewa, ambayo dereva wangu aliapa kwamba inapulizwa kila wiki. Ilikuwa inapulizwa kweli, kwa kompresa, tena kutoka nje kwenda ndani, yaani vumbi lilikuwa linashindiliwa kwenye karatasi badala ya kutolewa. Kwa magari yaliyokuwa yakipita kila siku kwenye michepuko ya upanuzi wa barabara kati ya Nsalaga na Ifisi, filta ya hewa haiwezi kumaliza muda ulioandikwa kwenye kitabu cha gari. Kwenye nyumba ya filta ya malori mengi kuna kidude chenye kidirisha kinachogeuka chekundu hewa inapovutwa kwa shida. Chetu kilikuwa chekundu, na hakuna aliyekumbuka kilianza lini. Hozi, klipu mbili na filta mpya havikufika laki tatu. Gari likapimwa likatoa 2.6, na lilipopangwa tapeti (nafasi za valvu) mwezi uliofuata likashuka hadi 2.2.

Kwetu huku nyanda za juu kuna sababu ya ziada ya kujali hewa kwanza. Mbeya iko kwenye mwinuko wa takribani mita 1,700, na katika mwinuko huo mgandamizo wa hewa ni mdogo kuliko wa usawa wa bahari kwa karibu 18%. Tabo hufidia sehemu ya upungufu huo, lakini hozi ikivuja au filta ikiziba, fidia inapotea, na injini isiyo na tabo haina cha kujifidia kabisa. Ndiyo maana lori linaloonekana safi likiwa Kurasini linaweza kupanda Mlima Nyoka likiwa limefunika magari yaliyo nyuma yake. Utaratibu wa Marekani unaoitwa SAE J1667 una hesabu ya kusahihisha matokeo kulingana na hali ya hewa ya mahali gari linapopimwa, kwa hiyo ni haki yako kumuuliza mpimaji anafuata utaratibu upi, na kama anasahihisha mwinuko au hasahihishi. Usiulize kwa ubishi. Mpimaji anayeijua kazi yake hufurahi kuulizwa.

Semi ya pili ilikuwa na kisa tofauti. Hewa yake ilikuwa nzima, hozi zake ni nzuri, filta mpya, lakini ilisoma 3.6. Mzee aliinama kwenye pampu, akasugua grisi kwa kitambaa, akanionyesha kwamba lakiri ya kiwandani kwenye skrubu ya kiasi cha mafuta imekatwa. Nilimwita dereva, ambaye ni kijana mtiifu, akasimama akiangalia viatu vyake.

"Nisamehe, mama. Kitonga ilikuwa inanitia aibu. Mabasi yananipigia honi mpaka utingo wangu anacheka."

Kumbe fundi mmoja wa njiani alimwongezea mafuta kwa elfu thelathini, ili gari lipande mlima huo wa Kitonga kwa gia kubwa zaidi. Desturi hii imeenea kuliko wenye magari wanavyodhani, na hasara yake haiishii kwenye moshi, kwa maana mafuta ya ziada yasiyopata hewa hayageuki kuwa nguvu yote. Mengine hugeuka masizi, mengine hupandisha joto la gesi inayopita kwenye tabo, na mengine husafisha oili kwenye kuta za silinda na kuteremka hadi kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Tulirudisha pampu kwenye kipimo chake kwenye mashine ya kupimia pampu, ikafungwa lakiri mpya, na gari likasoma 2.4. Sasa nikipokea gari kutoka safarini natazama lakiri kabla ya kutazama matairi.

Kuhusu mafuta yenyewe nitasema kwa kifupi. Tangu 2015 kiwango cha salfa kwenye dizeli katika nchi za Afrika Mashariki kimewekwa kisizidi sehemu 50 kwa milioni, na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, iliweka utaratibu wa vinasaba (alama za kemikali) kwenye mafuta ili kuwabana wachakachuaji. Utaratibu huo haumlindi dereva anayenunua dizeli ya madumu porini, ambayo huenda imetiwa mafuta ya taa. Mafuta ya taa hayalainishi pampu na nozeli kama dizeli inavyofanya, hivyo nafuu ya shilingi chache kwa lita leo inakuja kulipwa kwa nozeli kesho. Madereva wangu wanajaza kwenye vituo viwili tu kati ya Mbeya na Dar es Salaam, na risiti zinarudi nyumbani.

Kwa wenye magari mapya zaidi, tahadhari ni nyingine. Mdogo wangu aliyeko Iringa alinunua lori la Euro 5 lililotumika Uingereza, lenye tangi dogo la AdBlue, ambayo ni maji safi yenye urea 32.5% yanayopulizwa kwenye bomba la moshi ili kupunguza oksidi za nitrojeni. AdBlue ilipoadimika akapata wazo ambalo mkulima yeyote wa mahindi angelipata: urea si imejaa ghalani? Akayeyusha mbolea ya kukuzia kwenye ndoo, akachuja kwa kitambaa, akamimina. Lori lilitembea wiki tatu. Urea ya shambani haijasafishwa kwa kazi hiyo, na uchafu wake uliziba kipulizio na kuganda kwenye kichocheo kilicho ndani ya bomba. Bei ya kubadilisha vitu hivyo ilimfanya anyamaze siku nzima. Wapo watakaokushauri uondoe mfumo wote na kufunga kidude cha kuidanganya kompyuta. Ni kweli kwamba mashine ya moshi haioni oksidi za nitrojeni, lakini ukaguzi unahamia kwenye kompyuta yenyewe: huko California, malori ya dizeli yenye injini za 2013 na kuendelea hukaguliwa kwa kuchomeka kifaa kinachosoma kumbukumbu za injini, na hata anayefuta makosa asubuhi ya ukaguzi hugundulika, kwa kuwa kompyuta huonyesha kwamba haijamaliza kujipima upya.

Siku ya kipimo, usipeleke gari la baridi. Oili inatakiwa kufika angalau nyuzijoto 80, na asubuhi za Juni na Julai hapa Mbeya injini inayonguruma tu uwanjani haifiki huko kwa urahisi. Tena kunguruma kwa muda mrefu kunajaza masizi kwenye bomba, ambayo yatalipuka kwenye mkanyago wa kwanza. Mimi nalitoa gari Mbalizi likiwa na mzigo kiasi, linapanda Iwambi kwa gia ya kulifanyisha kazi, linaingia moja kwa moja kwenye foleni. Kabla ya hapo hakikisha oili haijazidi kipimo na kwamba gavana inakata, kwa sababu injini itakanyagwa hadi mwisho mara kadhaa mfululizo, na injini mbovu inaweza kufia hapo hapo mikononi mwa mpimaji. Omba karatasi yenye namba ya kila mkanyago, si wastani peke yake. Kama namba zinashuka mfululizo, mathalani 3.4, 2.9, 2.5, bomba lilikuwa linajisafisha na una sababu ya kuomba kurudia. Kama zinalingana, gari ndivyo lilivyo.

Lile la viazi halihitaji cheti cha mtu yeyote, lakini nililipima kwa hela yangu likatoa 2.3, ndani ya kikomo chake cha 2.5. Semi zote mbili zinapakia. Dereva wa semi ya pili bado ananilalamikia kila akirudi kwamba Kitonga sasa anaipanda kwa gia ya tatu na mabasi yanampigia honi. Nimemwambia apande nayo hiyohiyo, na awashe indiketa mabasi yapite.