Fidla Imelala Juu ya Kabati

SWALI: Assalamu alaykum, Shangazi. Nina miaka 38 na watoto watatu. Asubuhi nakwenda ofisini, saa tisa na nusu natoka, napita sokoni, na nikifika nyumbani napika mikate ya kumimina ya watu walioagiza, kisha nawafuata watoto chuo cha Kurani. Baada ya Isha sina nguvu hata ya kusikiliza habari. Zamani nilipiga fidla katika kikundi cha taarab, lakini tangu nipate mtoto wa tatu, huu ni mwaka wa sita fidla imelala juu ya kabati. Kila nikitaka kuishusha naona kama nawaibia watoto wakati wao. Je, huu si ubinafsi?
Mama wa Watatu, Mwanakwerekwe

JIBU: Wa alaykumu salaam, mwanangu. Umenihesabia siku nzima tangu asubuhi mpaka Isha bila ya kutaja hata nusu saa iliyo yako, na bado unajiita mwizi. Mimi sioni ulichoiba.

Wako watakaokushauri upige dakika kumi kila usiku watoto wakishalala. Siafiki. Saa hiyo umechoka, jirani naye anataka kulala, na fidla ya taarab peke yake chumbani haina raha ile unayoikumbuka, kwa kuwa raha yake ni kuingia pamoja na ala nyingine, udi, kanuni na akodioni, na kumsubiri mwimbaji amalize ubeti ili mjibu. Kwa hivyo rudi kikundini, hata kama ni jioni moja tu kwa wiki. Klabu zetu zimezoea watu wa namna yako: Nadi Ikhwan Safaa, klabu ya taarab ya hapa Zanzibar iliyoanzishwa mwaka 1905, haikujengwa na watu wasio na shughuli, bali na watu waliokuwa na kazi zao mchana na wakakutana wakishamaliza. Tena siku hizi wanawake wapigaji si jambo geni, kwani Bi Mariam Hamdani, mwanamuziki wa taarab, aliwakusanya wakawa na kikundi chao wenyewe, Tausi. Siku ya mazoezi ikishajulikana na wenzako wakawa wanakungojea, utaona vigumu kutokwenda, na hilo ndilo ninalolitaka.

Jioni hiyo usipokee oda ya mikate. Najua ni pesa, lakini wateja wako wakiambiwa mapema kwamba, tuseme, Jumanne hupiki, wataagiza Jumatatu. Kuhusu watoto, katika barua yako yote baba yao hakutajwa hata mara moja, nami sitaki kumdhania vibaya, ila kama yupo nyumbani, kuwafuata chuoni mara moja kwa wiki hakutamshinda. Mwambie siku yenyewe na saa yenyewe, usimwombe tu kwamba "akusaidie".

Jambo jingine ni harusi. Wakishasikia umerudi watakuita ukapige kwa malipo, na mwaka huu ningekuomba uwakatalie, maana mikate nayo huenda ilianza kama jambo ulilolipenda, kisha ikageuka kazi.

Kwa sasa ishushe fidla umpelekee fundi aikague kabla ya mazoezi ya kwanza. Nyuzi zilizokaa miaka sita katika hewa yetu ya chumvi huenda zimeshika kutu, na usijaribu kuzikaza mwenyewe.