Oili inavuja kwenye filta mpya
Kaka, kama oili inatoka kwenye filta mpya mara tu unapowasha, zima injini kwanza. Mara nyingi raba ya filta ya zamani imebaki imenata kwenye injini, nawe umefunga mpya juu yake. Raba mbili haziwezi kuziba. Fungua, pitisha kidole pale filta inapokaa; ukigusa duara jeusi la mpira, libandue, upanguse kwa kitambaa kikavu. Paka raba mpya oili safi, zungusha filta kwa mkono hadi raba iguse injini, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko, bila spana. Jazia oili iliyopungua, ukipima gari likiwa mahali tambarare. Na ile chafu itie kwenye dumu, tafadhali. Mtaro wa mvua hapa Mombasa huishia baharini.