Printa haijaunganishwa, au haiunganiki?

Swali: Tunatafsiri kwa Kiswahili programu huria ya kuchapa risiti. Inatumia zile printa ndogo za karatasi ya milimita 58, kwa waya wa USB au kwa Bluetooth. Tumeandika "unganisha" kila mahali, na karibu kila hitilafu inasema "Printa haijaunganishwa". Wenye maduka wa Kariakoo walioijaribu wanasema ujumbe huo hauwasaidii. Tumekosea wapi? Na tuseme kiendeshi au draiva? (Msomaji, Sinza)

Jibu: "Unganisha" si kosa, ila mmelibebesha kazi za vitenzi vitatu. Waya tunauchomeka na kuuchomoa. Vifaa vya Bluetooth tunavioanisha kwanza, ndipo tunaviunganisha. "Oanisha" limeshazoeleka kwenye menyu za simu za Android, kwa hiyo hakuna haja ya kubuni jingine.

Kuoanisha hufanyika mara moja: vifaa viwili hukubaliana ufunguo wa siri, mara nyingi baada ya kuandika namba kama 0000 au 1234, na kila kimoja huuhifadhi. Kuunganisha hurudiwa kila mtu anapotaka kuchapa. Kwenye Linux hata amri zimetengana: ndani ya bluetoothctl, programu ya kusimamia Bluetooth kwa amri, kuna pair (oanisha) na kuna connect (unganisha). Sasa mchukulieni mwenye duka ambaye printa yake imeshaoanishwa, lakini muda huo imeshikwa na simu ya msaidizi wake. Akiambiwa "unganisha" atafuta kila kitu aanze upya, na bado itagoma, maana printa nyingi za aina hii hupokea kifaa kimoja tu kwa wakati. Ujumbe unaomfaa ni huu: "Printa imeoanishwa ila haiunganiki. Huenda inatumiwa na kifaa kingine."

"Haijaunganishwa" ni kauli ya kutendwa: kuna mtu alipaswa kuunganisha, hajafanya hivyo. "Haiunganiki" ni kauli ya kutendeka: imejaribiwa, imeshindikana. Ya kwanza inamtuma mtumiaji kazi, ya pili inamwambia atafute tatizo kwingine. Ni hasara kubwa kuitupa tofauti hiyo wakati lugha inatupa bure.

Angalieni pia printa inayotoweka katikati ya kazi. Kompyuta inachojua ni kwamba kifaa hakipo tena. Haijui kama mtu kavuta waya, tundu limelegea au betri imekwisha. Ukiandika "imechomolewa" unamsingizia mtu. "Imechomoka" ina nafuu, lakini nayo inadai kwamba waya umetoka. Mimi ningeandika "Mawasiliano na printa yamekatika".

"Haijachomekwa" nayo ina mtego wake. Printa hizi nyingi zina tundu lilelile la chaji ya simu, na mtu huchukua waya wowote ulio mezani. Waya wa kawaida wa USB 2.0 una nyaya nne ndani, mbili za umeme na mbili za data. Waya wa chaji tu hauna zile za data. Printa itapata umeme, pengine na taa itawaka, lakini lsusb, amri ya Linux inayoorodhesha vifaa vya USB, haitaionyesha. Mwenye duka anauona waya umechomekwa, skrini inasema haujachomekwa: amwamini nani? Andikeni "Printa haionekani. Jaribu waya mwingine unaopitisha data."

Ikiwa lsusb inaionyesha lakini kufungua /dev/usb/lp0, faili linaloiwakilisha printa kwenye Linux, kunakataliwa, hilo si suala la kuunganisha hata kidogo. Semeni "Huna ruhusa ya kutumia printa hii". Kwenye Ubuntu tiba yake ni sudo usermod -aG lp ikifuatiwa na jina la mtumiaji, kisha atoke kwenye akaunti yake na kuingia tena. Asipotoka, ruhusa mpya haifanyi kazi, na hapo ndipo wengi hudhani amri imekosewa.

Hamkuuliza juu ya upatanisho wa kisarufi, ila utawasumbua. Tafsiri kama "%s imeunganishwa", ambapo programu hujaza jina la kifaa penye %s, inakubali printa. Siku programu ikiingiza kipanya, skrini itaandika "Kipanya imeunganishwa". Tangulizeni nomino ya jumla: "Kifaa %s kimeunganishwa". Idadi nayo hufuata nomino, kwa hiyo msiache "%d vifaa" (%d ni nafasi ya namba). Kwenye faili la po, lile la tafsiri, wekeni kanuni ya wingi nplurals=2; plural=(n != 1), yaani maumbo mawili, la pili kwa kila idadi isiyo 1, halafu umbo la kwanza liwe "Kifaa %d kimepatikana" na la pili "Vifaa %d vimepatikana". Kwa kanuni hiyo sifuri huangukia kwenye wingi, nanyi mtapata "Vifaa 0 vimepatikana". Waombeni waandishi wa programu waweke ujumbe wa peke yake: "Hakuna kifaa kilichopatikana".

Na kiendeshi? Neno hilo lina wateja wawili: wapo wanaolitumia kwa programu inayoiwezesha kompyuta kuwasiliana na kifaa, na wapo wanaolitumia kwa diski na flashi. "Sakinisha kiendeshi cha USB" inaweza kumpeleka mtu dukani kununua flashi. Andikeni draiva kwa programu na flashi kwa kile kijiti. Dereva tuwaachie wa daladala. Draiva liwekeni kwenye ngeli ya I-ZI: draiva imesakinishwa, draiva zimesakinishwa.