Unataka kuzunguka nje miezi mingi? Anza na makaratasi, begi utanunua baadaye

Tangu nirudi nyumbani Kigoma, vijana wa Mwanga na Ujiji wananiuliza swali lilelile: ninunue begi gani? Nawajibu wote kwamba begi linaweza kusubiri hadi wiki ya mwisho. Kitakachokula muda ni makaratasi, na kwa mtu wa Kigoma huchukua muda zaidi.

Sisi ni mkoa wa mpakani. Tumepokea wakimbizi wa Burundi na Kongo kwa miongo mingi, kambi ya Nyarugusu kule Kasulu ipo tangu 1996, na Kiha na Kirundi vinakaribiana mno. Kwa hiyo ukiomba kitambulisho cha taifa au pasipoti, tegemea kuulizwa baba yako alizaliwa wapi na babu yako alizikwa wapi. Swali hilo linauma, hasa ukiwa umezaliwa na kukulia hapahapa, lakini jibu lake huandaliwa mapema. Tafuta cheti chako cha kuzaliwa. Tafuta cha mzazi, na kama hana, ulizia utaratibu wa kiapo cha kuzaliwa wazee wa ukoo wakiwa bado hai wa kukueleza vijiji na miaka. Kisha linganisha majina herufi kwa herufi: ukiwa Yusuph kwenye cheti cha shule na Yusufu kwenye kitambulisho, rekebisha sasa. Mimi nasema anza mwaka mzima kabla.

Pasipoti ya kielektroniki, iliyoanza kutolewa 2018, hudumu miaka 10. Nchi nyingi zinataka iwe na angalau miezi sita kabla ya kuisha muda, na kwa safari ndefu piga hesabu hiyo kuanzia mpaka wa mwisho utakaovuka, siyo siku unayoondoka Kigoma. Angalia pia kurasa tupu, maana mihuri hujaa haraka ukisafiri kwa basi.

Chanjo ya homa ya manjano nayo isiachwe hadi dakika za mwisho. Cheti chake huanza kukubalika siku 10 baada ya kuchomwa, na tangu Julai 2016 kinatambulika kwa maisha yote, hata kama kadi yako imeandikwa miaka 10. Uganda, kwa mfano, wanakidai mpakani. Malaria tunaichukulia kama mafua, lakini ukikaa muda mrefu kwenye nchi zisizo na malaria, kinga uliyojijengea hapa kando ya ziwa hupungua. Ukipata homa huko, mwambie daktari mara moja kwamba umetoka eneo la malaria, kwa sababu huenda asiiwazie kabisa.

Kwenye pesa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo wengi hukwama. Pesa ya kwenye simu tuliyoizoea haifanyi kazi kila nchi. Chukua kadi mbili za benki, uliza benki kama zimefunguliwa kutumika nje, na uziweke sehemu mbili tofauti. Halafu fikiria laini yako ya simu: benki ikitaka kuthibitisha muamala, hutuma namba ya siri kwenye laini ya Tanzania. Laini hiyo ikizimika, pesa zako unaziona na huwezi kuzigusa. Washa huduma ya kutumia laini nje ya nchi kabla ya kuondoka, na iwe na salio daima. Dola ziwe noti mpya, zisizo na mchaniko wala maandishi, kwani noti za zamani hukataliwa kwenye maduka ya kubadilishia fedha. Na nauli ya kurudi isikae mkononi mwako. Mwachie mtu ambaye hata ukimlilia hatakupa mpaka useme unarudi.

Kabla ya safari kubwa, fanya ndogo ya majirani. Nenda Bujumbura kupitia Manyovu. Lugha haitakusumbua, lakini kila kitu kingine kitakufundisha: saa yao iko nyuma ya yetu kwa saa moja, magari yanapita kulia (ukivuka barabara angalia kushoto kwanza, tafadhali), pesa ni nyingine na foleni ya mpakani ni ya kweli. Usidhani kutoka hapo utaunganisha moja kwa moja hadi Kigali. Januari 2024 Burundi ilifunga mipaka yake ya nchi kavu na Rwanda, hivyo uliza hali ilivyo wiki unayosafiri. Njia ya kupitia Kibondo, Nyakanazi na Rusumo inakufikisha Kigali bila kupita Burundi.

Begi sasa. Lijaze kama unavyotaka kulibeba, kisha tembea nalo kutoka Mwanga hadi Ujiji saa nane mchana. Ukifika, toa ulichokijutia njiani. Dagaa wakavu beba kidogo na wafunge vizuri, ila fahamu kuwa baadhi ya nchi huzuia vyakula mpakani.

Lililobaki ni gumu kuliko yote, na sijaona watu wakilizungumza. Kaa na wazazi muongee kuhusu msiba. Ukiwa mbali miezi minane na mtu akafariki, utarudi kwa msiba wa nani? Nani atakupigia, na nani ataamua kwamba usisubiriwe, azikwe? Mimi nilikaa na mama na baba mdogo jioni moja, tukakubaliana majina. Mama alisema yake waziwazi na mimi nikasema yangu, pamoja na kinachopaswa kufanyika mimi nikiugua au nikifia huko. Uamuzi wetu tuliuandika. Dada yangu akabaki na karatasi hiyo pamoja na nakala ya pasipoti, cheti cha chanjo, namba za benki za kufungia kadi, na majina ya miji niliyopanga kupita kwa mfuatano wake. Kila nilipobadili njia nilimtumia ujumbe, naye akalifuta jina la zamani kwa kalamu na kuandika jipya.