Muulize Fundi: Benzi ya 1982 inalala wapi baridi ikiingia?

SWALI: Shikamoo fundi. Mi ni mtu wa Tanga, naishi Bremen huku Ujerumani mwaka wa tisa sasa. Mwezi wa nne nimenunua Mercedes 240D ya 1982, ile bodi ya W123, manake marehemu baba alikuwa dereva wa gari kama hiyo ofisini kwao na mi tangu mdogo nilijiapiza ntakuja kuwa nayo. Sasa baridi inakaribia na kila mtu ananiambia lake, mmoja anasema iendeshe tu hiyo ni chuma haifi, mwingine anasema ifungie ndani ila uiwashe kila Jumapili dakika kumi. Nimekodi banda la gari, halina hita, sakafu ni zege. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu, Mungu amrehemu mzee, na hongera kwa gari. Hizo W123 zilitengenezwa kuanzia 1975 mpaka 1986, karibu milioni 2.7, na ile injini ya dizeli ukiitunza itakuzika. Bodi ndo inatangulia kufa. Kwa hiyo ushauri wangu ni ilaze, usiendeshe kwenye chumvi.

Nianze na hilo la Jumapili kwa sababu linaua magari mengi na watu wanalifanya kwa mapenzi kabisa. Usiwashe. Ukishailaza iache ilale mpaka mwezi wa nne. Mafuta yakiungua yanatoa maji, lita moja ya petroli ukiichoma inatoa karibu lita nzima ya maji na dizeli haipishani nayo sana, ndo ule moshi mweupe unaouona asubuhi ya baridi. Injini ikichemka vizuri barabarani yale maji yanatoka kama mvuke yanaenda zake, lakini ukiwasha dakika kumi bandani ukazima, mvuke unabaki ndani ya sailensa na mwingine unaingia kwenye oili, Jumapili ijayo unaongeza, mpaka mwezi wa tatu sailensa imeoza kuanzia ndani na ukifungua kifuniko cha oili unakuta uji mweupeweupe kama maziwa yaliyokatika. Na betri nayo huipi kitu, manake hita plagi (zile plagi za kupasha injini moto) na stata zimekula umeme mwingi kuamsha injini ya dizeli iliyopoa na dakika kumi za altaneta haziurudishi.

Baridi yenyewe haina ugomvi na chuma, ugomvi ni maji na chumvi. Huko kwenu barabara ikitaka kuganda wanamwaga chumvi, magari yanaisaga inakuwa maji machafu yanayorukia chini ya bodi na kuingia kila tundu. Tena sikiliza hili, gari yenye chumvi ukiiweka kwenye gereji ya joto inaoza haraka kuliko ile iliyoachwa kwenye banda la baridi, kwa hiyo banda lako kukosa hita wala lisikunyime usingizi, mradi ni kavu na linapitisha hewa.

Chagua siku kavu kabla hawajaanza kumwaga chumvi. Osha gari, na ukisema umeosha uwe umeosha chini. Chukua mpira wa maji, lala chali kabisa, piga ndani ya matao ya tairi zote nne, alafu tafuta yale matundu manne ya jeki pembeni chini ya milango. Yana vizibo. Vitoe taratibu visikatike, ingiza kidole, utatoa tope jeusi lililokaa humo miaka na ndo linaanza kula kizingiti wakati rangi ya nje bado inang'aa. Safisha, kausha, puliza nta ya kuzuia kutu, rudisha kizibo. Sehemu nyingine ya kuangalia ni chini ya kioo cha mbele, pale hita inapovuta hewa, fungua boneti utoe majani yote ya miti kwa mkono, na buti inua zulia uangalie shimo la spea tairi kama kuna maji. Ukimaliza kuosha usiipeleke moja kwa moja bandani, iendeshe nusu saa nzima au zaidi mpaka breki na sailensa zikauke.

Ikirudi bado ya moto mwaga oili, weka mpya na filta mpya. Oili chafu ina asidi na unyevu, usiiache ikae miezi mitano imekumbatia bearingi. Tenki la lita 65 lijaze mpaka juu, likiwa nusu ile hewa ya ndani inatoa umande kwenye bati. Ila jaza dizeli ya baridi, Ujerumani pampu zote zinatakiwa kuwa nayo kuanzia tarehe 16 Novemba mpaka mwisho wa Februari, hiyo inavumilia hadi 20 chini ya sifuri. Dizeli ya kiangazi ikipigwa na baridi inatoa nta, inaziba filta na gari haiwaki, kwa hiyo kama tenki lina dizeli ya mwezi wa nane iendeshe iishe kwanza.

Kulanti sasa, ile dawa ya kuchanganya na maji ya rejeta yasigande, hapa naomba usifanye mchezo. Miaka ile niko Hamburg niliipeleka Peugeot 504 yangu gereji moja wabadilishe mpira wa rejeta, wakabadilisha vizuri tu, alafu wakajazia maji matupu bila kuniambia. Januari ikaja. Asubuhi moja nafungua boneti nakuta kile kibati cha duara kilichopo ubavuni mwa injini kimesukumwa nje, na nyuma yake barafu ya rangi ya kutu imechomoza kama kidole gumba. Maji yakiganda yanavimba kama asilimia 9 na hayaulizi chuma kina unene gani. Mi nilikuwa na bahati kile kibati kilikubali kutoka, blok haikupasuka. Kwa hiyo ipime kulanti yako, kuna kipimo kidogo cha kunyonya kinauzwa bei ndogo tu. Nusu maji nusu kulanti inakufikisha karibu 37 chini ya sifuri, inatosha Bremen na chenji inabaki. Na usidhani ukiweka kulanti tupu ndo bora zaidi, kulanti isiyochanganywa inaganda kwenye 13 hivi chini ya sifuri.

Betri itoe uende nayo ndani, ichaji ijae, ikitulia isome volti 12.6 au zaidi, na mara moja kwa mwezi uipe chaja tena. Betri iliyojaa haigandi kwa baridi ya huko, iliyoisha inaganda kwenye kama 10 chini ya sifuri na ikiganda inapasuka. Tairi ongeza upepo nusu baa mpaka baa moja juu ya kawaida zisipate bapa upande mmoja. Ile breki ya kupaki unayokanyaga kwa mguu wa kushoto usiikanyage kabisa, itaganda na kushikana, weka gia na vigingi kwenye tairi. Panya nao hupenda gari za zamani kwa ajili ya ile sponji ya viti, ziba sailensa kwa chuma cha kusugulia sufuria na kamba ndefu nyekundu uifunge kwenye usukani, mwezi wa nne usije ukawasha umesahau. Juu funika shuka la pamba au kava linalopumua. Turubai la nailoni hapana, linafungia jasho chini yake.

Na kama kuna siku lazima uiendeshe baridi, basi tairi za winta zenye alama ya mlima na theluji, zile zilizoandikwa M+S peke yake hazikubaliki tena Ujerumani tangu Oktoba 2024. Hiyo gari inasukumwa na tairi za nyuma na gari nyingi za umri ule hazina ABS (ile breki inayozuia tairi zisijifunge), kwa hiyo mguu uwe mlaini, acha nafasi mara tatu ya unayoacha kiangazi, na ukirudi nyumbani oshea chumvi chini siku hiyohiyo. Lingine, gari imeshapita miaka 30 kwa hiyo unaweza kuomba namba ya H ya magari ya kihistoria, na siku hizi inaruhusiwa kuiunganisha na namba ya msimu ukalipia miezi unayoendesha tu. Ila nje ya hiyo miezi hata kuiegesha barabarani ni kosa, iwe imeshaingia bandani.

SWALI: Fundi habari. Mimi niko Minneapolis, Marekani, asili yangu Nakuru. Nina Volkswagen Beetle ya 1969. Jirani ananiambia niweke kulanti kabla ya baridi na mimi sioni pa kuiweka. Pia naona aibu kuuliza, betri iko wapi?

JIBU: Salama dada yangu, hakuna aibu hapo. Kulanti haina pa kuwekwa kwa sababu injini inapozwa na hewa, haina rejeta wala tone la maji, ndo moja ya sababu Beetle ilitesa kwenye vumbi letu na kunyakua Safari Rally 1954, 1957 na 1962. Betri iko chini ya kiti cha nyuma upande wa kulia. Inua kiti uangalie mambo mawili. La kwanza ni sakafu chini ya betri, asidi huwa inatoboa, bonyeza kwa bisibisi usikie kama chuma kinajibu. La pili ni kifuniko cha betri kiwepo, manake springi za kiti mtu mzito akikalia zinagusa nguzo za betri na magari yameungua hivo.

Huko Minnesota baridi inafika 30 chini ya sifuri, betri itoe ulale nayo ndani. Yale niliyomwambia kijana wa Bremen kuhusu kuosha, oili, tairi na panya yanakuhusu yote, ila yako ni petroli na ya huko ina ethanoli (spiriti) ndani, inavuta maji na inakula mipira ya zamani. Jaza tenki, tia dawa ya kutunza petroli, alafu endesha dakika kumi na tano dawa ifike mpaka kabureta. Na ile mipira ya mafuta inayopita juu ya injini, ikiwa imekauka na kupasukapasuka ibadilishe kabla hujailaza, usisubiri mwezi wa tano. Hita ya Beetle inapitisha hewa kuzunguka bomba la moshi, kwa hiyo ukisikia harufu ya moshi ndani ya gari usiendeshe umefunga vioo, ipeleke ikaguliwe. Moshi ule unaua mtu amelala.

SWALI: Nasafiri Uingereza miezi minne, Peugeot 504 yangu inabaki Mombasa, Nyali. Huku hakuna baridi, kuna haja ya kufanya lolote?

JIBU: Iko ndugu yangu, chumvi ya bahari haingoji theluji. Ioshe chini kwa maji baridi ya bomba, ikaushe kwa safari, toa nyaya za betri, acha handibreki chini, na dirisha moja liache wazi upana wa kidole ikiwa iko ndani ya gereji. Kijana wa nyumbani mwambie asiiwashe, kama anataka kusaidia aisukume nusu mzunguko wa tairi kila wiki mbili.