Kabla hujapanda mchicha kwenye kiwanja cha watu wote

Kiwanja chetu cha Kisauni, Mombasa, kilikuwa jaa kwa miaka mingi. Nepi, chupa, mabaki ya magari, mbuzi wakila karatasi. Tulijikusanya majirani saba, tukafyeka, tukazoa taka Jumapili nne mfululizo, kisha tukafanya kosa ambalo nadhani karibu kila kikundi hulifanya: tukapanda mboga.

Mchicha ukaja kwa fujo, majani mapana kama kiganja. Siku moja akapita mzee mmoja fundi wa magari.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Huu mnaula?"

"Tunaula. Na wewe tutakukatia fungu."

Akacheka kidogo, akanyoosha mkono kuelekea kona ya mwembe. "Pale vijana walikuwa wakipasua betri za magari, wanayeyusha risasi, wanamimina chubwi za kuwauzia wavuvi. Mimi singekula."

Tuliung'oa wote jioni ile ile.

Kwa hiyo waulizeni wazee kwanza, kabla ya jembe. Gereji? Wapiga rangi? Wachoma nyaya? Sumu hazifanani. Oili iliyomwagika huliwa pole pole na vijidudu vya udongo, ukiupa hewa na mboji. Risasi, hii metali ya ndani ya betri, haiozi. Inakaa pale pale juu juu miaka na miaka, na njia yake kubwa ya kuingia mwilini ni vumbi: linaloshika kwenye majani ya mchicha, kwenye muhogo ulioshwa haraka haraka, na kwenye vidole vya mtoto anayecheza chini. Mtoto ndiye anayeumia zaidi, ubongo wake ungali unakua.

Ukipeleka udongo maabara, sema waziwazi unataka upimiwe risasi. Kipimo cha kawaida cha mkulima kinaangalia rutuba na uchachu, hakigusi sumu. Unaweza kurudi na karatasi inayokusifu wakati udongo ni wa hatari. Na chota sehemu mbalimbali, kila mfuko na alama yake. Kwetu kona ya mwembe ilikuwa mbaya, upande wa barabarani afadhali.

Kona ile hatukuichimba, maana kuchimba ni kulitimua lile vumbi. Tuliinyunyizia maji, tukamwaga udongo safi wa kutoka mbali, tukaotesha ukoka mpaka ardhi isionekane, kisha mivinje na miarobaini. Bembea za watoto tuliziweka upande wa pili.

Watu wakiona mivinje hututajia Haller Park, ile bustani ya miti na wanyama hapo Bamburi. Ni mfano mzuri, ila usiuchukue mzima mzima. Pale palikuwa machimbo ya mawe ya kiwanda cha saruji. Rene Haller, mtaalamu wa kilimo wa kiwanda hicho, alipoanza kupaotesha miti mwaka 1971 alijaribu aina 26 za miti, zikasalia tatu tu, mvinje ukiwemo. Majani ya mvinje nayo yakawa yanarundikana bila kuoza, mpaka akaleta majongoo wakayala na kuyageuza udongo. (Tangu nijue hilo sikanyagi jongoo.) Lakini tatizo la pale lilikuwa mwamba mtupu, si sumu. Mwamba mtupu unahitaji udongo. Kiwanja chenye risasi kinahitaji kwanza kufunikwa.

Umiliki sitaurefusha. Nendeni ofisi ya ardhi mkaone kiwanja kimeandikwa jina la nani, na kibali kiwe cha maandishi. Sisi tulikubaliana kwa mdomo. Mwaka wa pili akatokea mtu na lori la mabati, robo ya kiwanja ikaenda, pamoja na mivinje sita iliyokuwa imeshanipita kimo.

Mchicha tunao mpaka leo, kwenye magunia yaliyopangwa ukutani. Yule mzee huja kuchukua fungu lake kila Ijumaa, na kila Ijumaa anauliza udongo wa magunia tumeutoa wapi.