Usiitafute R Doradus kwa Wekundu Wake

Jumapili iliyopita nilipata ujumbe wa msomaji, binti wa kidato cha tano aliyeko Lindi. Aliandika hivi: "Kaka shikamoo. Nimetoka nje usiku mara tano kuitafuta R Doradus. Nimefuata ramani mpaka pale inapotakiwa kuwepo, sijaona nyota nyekundu hata moja. Kaka, macho yangu yana shida? Au niachane nayo tu?"

Mdogo wangu, marahaba. Macho yako hayana shida. Nimeusoma ujumbe wako mara nyingi kwa sababu miaka miwili iliyopita nilikuwa hapo hapo ulipo, ila sikuwa na ujasiri wako wa kuuliza. Mimi nilidanganya. Sijawahi kulisema hili hapa.

Wengi tulianza kuisaka nyota hii baada ya habari za Septemba 2024. Wanaastronomia waliotumia darubini za redio za ALMA, kule jangwa la Atacama nchini Chile, walitoa picha za uso wa R Doradus walizopiga Julai na Agosti 2023. Zilionyesha mapovu ya gesi ya moto yakipanda kutoka ndani na kuzama tena, kila povu likiwa na upana wa mara 75 hivi ya Jua letu, na mzunguko wake ukichukua kama mwezi mmoja. Nilizitazama kwenye simu nikiwa kwenye daladala na nikapitiliza kituo. Uso wa nyota ukichemka kama uji jikoni! Na kitu hicho kiko juu ya mapaa ya nyumba zetu hapa Pangani, tena kinaonekana kwa jicho tupu, ingawa kwa shida. Nikaapa lazima nikione.

R Doradus ni jitu jekundu, yaani nyota iliyovimba na uso wake kupoa, lililo umbali wa miakanuru 180 hivi: nuru yake husafiri miaka 180 kutufikia. Uzito wake haupishani sana na wa Jua, lakini limevimba hadi upana wa mara 350 hivi ya Jua. Lingewekwa mahali pa Jua, Dunia ingekuwa ndani ya tumbo lake. Ndiko Jua letu linakoelekea: baada ya miaka kama bilioni 5, haidrojeni ya kwenye kiini ikishakwisha, nalo litavimba na uso wake utapoa. Mwaka 1997 wanaastronomia walipima upana wa R Doradus kama unavyoonekana kutoka duniani, wakakuta kwamba, ukiliacha Jua lenyewe, imeipita nyota ya Betelgeuse iliyokuwa ikishika nafasi ya kwanza. Usidhani basi utaona duara. Upana huo ni sawa na sarafu ya milimita 20 iliyoshikwa Unguja, na wewe unaitazama ukiwa Dar es Salaam. Kwetu inabaki nukta, tena nukta dhaifu.

Kwa nini jitu kama hilo liwe dhaifu machoni? Hapa ndipo nilipopotea, na naona ndipo ulipopotea wewe. Uso wake una joto lisilofika nusu ya joto la uso wa Jua, kwa hiyo sehemu kubwa ya nishati yake hutoka kama miale ya joto, ambayo jicho halioni. Hata nuru kidogo inayobaki humezwa njiani, maana angahewa ya nyota hiyo imejaa molekuli za oksidi ya titani zinazofyonza nuru. Macho yetu yangekuwa yanaona miale ya joto, R Doradus ingekuwa miongoni mwa nyota kali kuliko zote angani. Kwa jicho hili tulilojaliwa, ikiwa katika ubora wake hufika namba 4.8 ya mwangaza, halafu hushuka hadi kupita 6, ambayo ndiyo kikomo cha jicho zuri kwenye giza zuri. Namba inavyopanda ndivyo nyota inavyofifia. Mwangaza wake hupanda na kushuka kwa kipindi cha kama siku 330, na kuna nyakati hubadili mwendo na kufuata kipindi cha karibu nusu ya hicho. Kwa hiyo kuna miezi unaweza kutoka nje kila usiku usione kitu, na kosa lisiwe lako.

Mimi sikuyajua hayo. Januari ile nilikaa kwenye kitanda cha kamba nyuma ya nyumba, shingo imekakamaa, nikikodolea sehemu moja ya anga nikingoja nukta nyekundu kama kaa la moto. Usiku wa kwanza sikuona kitu, na wa pili vilevile. Usiku wa sita nilikuwa nimeshawatangazia watu. Tulikuwa na kundi la WhatsApp la wapenda nyota, watu kama themanini, na nilikuwa nimeahidi kuwaletea kipimo cha kwanza kutoka Pangani. Nikaingia mtandaoni, nikatazama vipimo vya watu wa nchi nyingine, nikaona wengi wameandika 5.5. Nikafungua kaunta buku langu jipya na, kwa mwandiko mzuri kabisa, nikaandika: R Dor, 5.5, jicho tupu.

Pongezi zilimiminika, nami nikazipokea. Nikarudia wiki iliyofuata, na iliyofuata tena.

Mara ya nne mzee mmoja kwenye kundi, mtu mpole asiyeandika mara kwa mara, aliuliza swali moja tu: "Kijana, umeilinganisha na nyota zipi?" Sikuwa na jibu. Nikababaisha. Akauliza tena, kisha akaandika mbele ya wote: "Basi tusipotezeane muda." Hakunitukana, lakini mpaka leo nikiyakumbuka maneno hayo masikio yananipata moto. Nilitoka kwenye kundi usiku uleule. Kwa muda mrefu nilikuwa nikijiambia kwamba alinidhalilisha, kwamba angenifuata pembeni. Ni kweli angeweza kunifuata pembeni, na bado linaniuma. Lakini swali lake lilikuwa halali, na ningelijua jibu lake mapema nisingedanganya.

Jibu lenyewe ni hili. Mwangaza wa nyota inayobadilika haukisiwi kutoka kichwani. Unatafuta jirani mbili ambazo mwangaza wake haubadiliki, moja iliyoizidi kidogo na nyingine iliyozidiwa kidogo, kisha unajiuliza yako iko wapi kati yao. Chama cha waangalizi wa nyota zinazobadilika cha Marekani, AAVSO, kilichoanzishwa mwaka 1911, kina ramani za bure kwenye tovuti yake. Usishtuke ukiona namba kama 51 au 57 kando ya nyota: ni 5.1 na 5.7, nukta imeondolewa ili isidhaniwe kuwa nyota. Mimi nilikuwa na ramani hiyo mkononi wakati wote na sikuwahi kuuliza namba zile ni za nini.

Miezi iliyofuata naipita, haikuwa na lolote zaidi ya mvua na uchungu.

Niliianza upya Januari iliyofuata, kaskazi imeshika na anga kavu. Safari hii sikumwambia mtu. Saa mbili na nusu usiku nilizima taa zote, nikafunika tochi ya simu kwa karatasi nyekundu ya pipi na mpira wa noti, nikakaa nusu saa nzima bila kuangalia kioo cha simu. Jicho huhitaji muda huo ili lizoee giza. Baharini wavuvi wa dagaa walikuwa wamewasha taa zao, maana nao hutoka usiku wa giza kama sisi, nikahamia nyuma ya mnazi ili unikinge. Nikaanzia kwa Suheli, yaani Canopus, ile nyota kali ya kusini ambayo manahodha wetu wa zamani waliijua vizuri. Kutoka hapo nikashuka kuelekea kulia hadi kwenye nyota ya wastani, Alfa ya kundi la nyota liitwalo Reticulum. Kushoto kwake kidogo, kama upana wa vidole viwili mkono ukiwa umenyooka, ndipo ilipo.

Nilipopakazia macho, palikuwa patupu. Nilipochoka nikarudisha macho kwenye Alfa kupumzika, na hapo hapo, pembeni mwa jicho, kitu kikajitokeza. Nikakigeukia, kikapotea. Nikarudi kwa Alfa, kikatoka tena. Kilikuwa cha kijivu, mdogo wangu. Hakikuwa na wekundu wowote. Kilikuwa kama chembe ya unga wa muhogo kwenye kitambaa cheusi.

Seli za jicho zinazoona rangi zimejazana katikati, na zinahitaji nuru nyingi. Zile zinazoona gizani ziko pembeni, na hazijui rangi. Kwa hiyo nyota dhaifu unaiona kwa pembe ya jicho, na ukiiona hivyo inakuwa imeshapoteza rangi yake. Mimi na wewe tulikuwa tunatafuta wekundu mahali ambapo jicho haliwezi kuuona. Huenda umeitazama R Doradus mara zote tano ukaipita kwa sababu ilikuwa ya kijivu.

Kisha nikachukua darubini ndogo ya macho mawili. Hapo ndipo rangi ilipofunguka: chungwa lililoiva sana, na jirani zake zote zimepauka. Nuru ile iliondoka kule siku za utawala wa Sayyid Said huko Unguja, ikasafiri miaka yote hiyo, ikaishia kwenye jicho la mtu aliyewahi kuisingizia. Nililia. Sioni aibu kulisema.

Sasa nisikilize, na wengine wote mnaoniandikia mkitaka njia ya mkato. Toka nje mapema, ulizoee giza. Usiikodolee nyota, itazame kwa pembeni. Ukiwa unalinganisha, tupia jicho haraka kwake na kwa jirani, kwa sababu nyota nyekundu ukiikazia macho kwa muda mrefu huonekana kama inaongezeka mwangaza, na utaandika namba ya uongo bila kukusudia. Usitazame namba za wengine kabla hujaandika yako. Narudia, usizitazame. Ukishazijua, jicho lako litaona kile ulichosoma. Na ukiwa hukuona kitu, andika kwamba hukuona, na uitaje nyota dhaifu kuliko zote uliyoiona jirani na hapo. Hicho nacho ni kipimo, na kinapokelewa. Vijana tunaona haya kuandika "sikuona" kana kwamba tumefeli mtihani, halafu tunaandika uongo kwa mwandiko mzuri. Nyota haikudai umaarufu wako. Andika ulichokiona.

Kurasa zile nne za mwanzo sijazichana. Nimezipiga mstari kwa kalamu nyekundu na kuandika pembeni "si kweli". Baada yake kuna vipimo 41, vyote vyangu, na kumi na mbili kati ya hivyo vinasema sikuona.

Mwezi uliopita nilimwandikia yule mzee, moja kwa moja, si kwenye kundi. Nilimtumia picha ya ukurasa mmoja tu: tarehe, saa tatu na dakika arobaini usiku, mawingu mepesi upande wa bahari, R Dor imezidiwa kidogo na 51, imeizidi 57 kwa mbali, naiweka 5.3. Alikaa siku tatu bila kujibu. Siku ya nne akaniuliza kama ule mnazi haukuwa umeikinga ile 57.

Nimeshahamisha kitanda. Leo anga iko safi, na wewe huko Lindi Suheli iko juu zaidi kuliko kwangu. Toka saa tatu. Usinitumie namba yako kabla hujaiandika kwenye daftari.